Mateka wa Mtaa wa Sikukuu

Rinkal alikuwa na siku moja tu ya kubaki mwandishi wa habari, na siku yenyewe ilikuwa imeshaliwa hadi saa nne asubuhi bila habari yoyote.

Kosa lilikuwa lake, na mwenyewe alilikiri. Wiki tatu nyuma aliandika katika Jicho la Jiji, gazeti la mtandaoni lenye ofisi ya vyumba viwili ghorofa ya tatu Mtaa wa Aggrey, kwamba gari moja aina ya Noah limekamatwa Msimbazi likiwa na maiti kumi na mbili. Chanzo chake kilikuwa msukuma mkokoteni aliyeona miguu dirishani. Miguu ilikuwepo kweli, msukuma mkokoteni wa watu hakudanganya. Ila ilikuwa miguu ya masanamu ya kuvalishia nguo, yanapelekwa dukani, na mwenye duka alipiga simu ofisini kuuliza maiti zake zitazikwa lini, maana anataka kuzivalisha madera ya sikukuu.

Wilbert, mhariri, aliwaomba radhi wasomaji. Kisha akamkalisha Rinkal chini.

"Habari ya uhalifu inaweza kuua mtu," alimwambia. "Kuanzia leo, kila tukio nataka mashahidi watatu wenye majina na namba za simu. Nataka aliyetendewa. Nataka polisi. Na nataka anayetuhumiwa apewe nafasi ya kusema. Kikikosekana kimoja, huandiki. Hadi Jumatano saa kumi jioni niletee habari moja inayosimama kwa miguu yake. Usipoleta, tuagane kwa amani."

Tuagane kwa amani maana yake ilikuwa duka la vitenge Mtaa wa Uhuru. Mama yake, Harshida, alikuwa ameshapangusa stuli nyuma ya kaunta, na kila jioni wakirudi nyumbani Upanga alimkumbusha kwamba stuli ile ina mto. Rinkal alimpenda mama yake, na vitenge hakuwa na ugomvi navyo. Lakini kwenye ile stuli hakutaka kukaa.

Jumatano hiyo, saa nne na dakika tano, simu ikaita. Alikuwa Hamood, muuza viungo wa Mtaa wa Sikukuu, ambaye Rinkal alimwita ami tangu utotoni na ambaye hakuna kitu kinachopita mbele ya duka lake asikione.

"Rinkal, uko wapi wewe? Jeneza limetekwa huku."

"Jeneza gani, ami?"

"La msikitini. Walikuwa wanalipeleka kwa Mzee Kondo, yule fundi cherehani, kafariki usiku. Kuna watu wamelikamata njiani, wana fimbo. Wahi, utakosa uhondo." Akakata simu, alikuwa na mteja wa iliki.

Hilo neno uhondo lingemshtua mtu mwingine yeyote. Rinkal hakulisikia kabisa, kwa sababu alikuwa ameshafika ngazi ya pili.

Nyumba ya marehemu Mzee Kondo ni moja ya zile chache za zamani zilizobaki Kariakoo, ya mabati, imebanwa na maghorofa huku na huku. Nje lilikuwa limefungwa turubai, watu wamekaa viti vya plastiki na mikeka. Mbele ya turubai, katikati ya njia, jeneza tupu la msikiti lilikuwa limewekwa juu ya meza mbili. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa miaka sabini hivi, amenyoosha miguu kuziba njia, amevaa koti la kiume linalomfika magotini, miwani ya kiume puani, na futi ya kushonea shingoni. Watu wanne walimzunguka wameshika mipini ya mafagio. Hakuna aliyepita.

Rinkal akafungua daftari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na safari hii aliapa kufuata masharti yote ya Wilbert.

Shahidi wa kwanza alikuwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Akataja jina, akatoa namba, akasema ndiyo, amewaona kwa macho yake, wamelikamata jeneza na wamechukua na sufuria la chai. Wa pili, muuza chaja, alisema vilevile na akaongeza kiatu cha sheikh. Wa tatu alikuwa Hamood mwenyewe. Maelezo yao yalilingana kama mapacha. Ni kweli kwamba wote watatu mabega yao yalitikisika walipokuwa wakieleza, lakini Rinkal aliandika pembeni kwamba mashahidi bado wana mshtuko.

Kisha akampata aliyetendewa. Adamu, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima wa miaka hamsini mwenye kanzu safi, alikuwa amefungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo ya turubai. Kakaa kwenye kiti, kapewa na kikombe cha chai.

"Pole sana kwa msiba, baba. Wamekuumiza?"

"Moyoni," Adamu alisema.

"Wanadai nini?"

"Jogoo. Na sukari kilo mbili. Na nitangaze mbele ya watu kwamba Wanyamwezi wana akili kuliko sisi Wazaramo." Akanywa chai kidogo. "Jogoo nitatoa."

Rinkal akaandika: madai yana sura ya ukabila. Akafurahi, na mara moja akajionea aibu, maana msiba ni msiba. Akasogea pembeni, akampigia Afande Bryson wa kituo kidogo cha polisi cha jirani.

"Afande, kuna watu wameteka jeneza Sikukuu na wamemfunga mtu kamba."

"Kwa Mzee Kondo? Najua. Nimepita pale saa mbili kutoa pole, wamenivua mkanda."

"Wamekunyang'anya mkanda wa serikali? Na mmechukua hatua gani, afande?"

"Nimeshikilia suruali."

Mashahidi watatu, aliyetendewa, na polisi aliyeporwa. Kichwa cha habari kilikuwa kinajiandika chenyewe. Alibakiza sharti moja tu, la mtuhumiwa kupewa nafasi ya kusema, na hapo akasita kidogo, kwa sababu kiongozi wa genge alikuwa akimtazama juu ya ile miwani. Rinkal akajikaza, akaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Rinkal, naandika Jicho la Jiji. Kuna tuhuma kwamba umeongoza utekaji wa jeneza, unyang'anyi wa sufuria, kiatu kimoja na mkanda wa askari. Ningependa kusikia maelezo yako."

Mama yule akamtazama kwa muda. Akawatazama wenzake wenye mipini ya mafagio. Akamtazama tena Rinkal, safari hii kwa upole mwingi.

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Upanga, bibi."

"Na Upanga hakuna watani?"

Neno lilitoka kinywani mwa yule mama likatua mbele ya Rinkal, na Rinkal akalitazama lilivyo. Watani. Alikuwa amelisoma shuleni darasa la tano, likiwa na ukurasa wake mzima katika kitabu, akajibu na swali la mtihani. Hakuna ukurasa uliomwambia kwamba watani huja na mipini ya mafagio.

Turubai zima likalipuka. Waliokuwa wakijibana tangu saa nne walijiachia, mama lishe kule ng'ambo akapiga goti, na Adamu akacheka na nguzo yake hadi turubai likayumba. Rinkal alitamani ardhi ya Kariakoo ipasuke immeze na daftari lake. Kisha kicheko kikampata na yeye, kwanza puani, halafu tumboni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi yale yalikuwa ya kazi yake.

"Kaa hapa," mama yule alimwambia. "Mimi naitwa Bi Shukuru. Sisi Wanyamwezi na hawa Wazaramo ni watani toka enzi za babu zetu. Mzaramo akifa, mimi ndiye wa kuwanyima watu nafasi ya kulia sana. Hawaruhusiwi kunikasirikia. Huyu Kondo miaka arobaini na moja kila asubuhi akiniona alikuwa ananiuliza mzigo wa Mwarabu nimeutua wapi, kwa vile babu zetu walikuwa wapagazi. Mtaa mzima unasikia. Kesho asubuhi nani ataniuliza?" Akaivuta ile futi shingoni. "Mimi ndiye niliyefiwa hapa kuliko wote, mwanangu. Ila nimepewa kazi ya kuchekesha."

Rinkal akamshika mkono.

Hata hivyo kazi ilibaki kazi. Habari ilikuwa imekufa, lakini aliona angalau Wilbert akute daftari limejaa ajue kwamba safari hii aliuliza kila mtu. Akaanza kuwaandika watani mmoja mmoja: jina, namba, kabila, mtani wa nani. Wanne wa mipini walikuwa Wanyamwezi watupu, wakajibu kwa mbwembwe na kumtoza kalamu moja.

Wa tano hakuwa na fimbo. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, amejifunga kanga kichwani, ana upawa mkono mmoja na kikapu mkono mwingine, anapita kwenye mikeka akitoza watu faini. Huyu hakulia vya kutosha, faini. Yule kalia kupita kiasi, faini. Akichukua simu ya mtu anaitia kikapuni, watu wanakufa kwa kicheko. Kusema kweli alikuwa na kipaji kuliko wote.

"Na wewe, kaka, kabila gani?"

"Mzaramo," alisema bila kusita. "Mtani wao hawa." Akampiga upawa wa mgongo kwa mahaba, akaendelea na faini zake.

Rinkal aliandika Mzaramo, akapiga hatua mbili, kalamu ikasimama. Marehemu Mzaramo. Wafiwa Wazaramo. Sasa Mzaramo atakuwaje mtani wa Wazaramo?

Siku nyingine angepiga kelele palepale. Leo alirudi kwenye nguzo, akamwinamia Adamu kwa sauti ya chini.

"Baba, yule wa upawa unamfahamu? Mjukuu? Shemeji?"

"Yule? Simfahamu. Si wa kina Bi Shukuru?"

Akaenda kwa Bi Shukuru.

"Yule? Simjui mimi. Nilidhani ni wa kina Adamu."

Vyanzo viwili, havijasemezana, vimesema kitu kimoja. Rinkal aliliona kundi zima la watu mia wanaocheka, kila mmoja akiamini kwamba jirani yake anamjua yule mtu. Na kikapu kilikuwa kinaelekea barabarani.

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini Kariakoo neno mwizi halisemwi mara mbili, kwa sababu baada ya mara ya kwanza hakuna mtu wa kumwambia la pili. Mwaka jana Buguruni alikwenda kuandika juu ya mtu aliyepigwa akafa kwa kusingiziwa simu, na simu ikaja kuonekana chini ya godoro la mwenye simu. Alichokikuta yeye ni viatu. Aliviota mwezi mzima.

Akamnong'oneza Bi Shukuru sikioni. Mama yule hakucheka. Alifikiri kidogo, akavua miwani ya marehemu, akaivaa tena.

"Basi tumkamate kwa utani," alisema.

Wale wanne wakamfikia mtu wa upawa kwa vifijo, wakamzungushia kamba, wakambeba juujuu hadi mbele ya jeneza. Bi Shukuru akatangaza kwamba kakamatwa Mzaramo aliyejivika utani wa watu, na sasa kesi inasomwa. Watu wakasogeza viti. Rinkal akawasha kinasa sauti cha simu yake, akapiga magoti mbele ya mshtakiwa.

"Jina lako?"

Akataja. Alikuwa anatabasamu. Angefanya nini? Mtani hakasiriki, na akikasirika yeye tu, mchezo umemuumbua.

"Wewe ni mwizi?"

"Ndiyo, mimi mwizi," alisema kwa madaha, na watu wakashangilia.

"Umeiba nini?"

"Simu."

"Ngapi?"

"Nne."

Bi Shukuru akaamuru kikapu kimwagwe. Simu nne kweli. Wenyewe wakaja kuzichukua wakicheza, mmoja akaibusu yake. Mtu wa upawa alikuwa anacheka pamoja nao, lakini jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kidevu.

"Mahakama imeomba apekuliwe," alisema Rinkal.

Kwenye mfuko wa ndani zilitoka simu tatu nyingine. Watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kimeanza kupungua mbele na bado kinaendelea nyuma. Kisha ikatoka bahasha ya rambirambi, ile iliyokuwa ndani, juu ya kabati la mjane. Bahasha ile hakuna aliyeitoa kwa mzaha. Kicheko kikakatika.

Mtu mmoja akasimama. Wakasimama wanne, wakasimama ishirini. Mkono wa mtu uliinuka na nusu tofali lililokuwa limezuia turubai, na mtu wa upawa akafumba macho, kamba mikononi. Rinkal alijikuta amesimama mbele yake bila kujua amefikaje.

Bi Shukuru akavua lile koti, akalitupa juu ya mabega ya yule mtu.

"Huyu ni mateka wangu," alisema, wala hakupaza sauti. "Hajakombolewa. Na amevaa koti la Kondo. Anayetaka kumpiga ampige Kondo kwanza."

Hakuna aliyesogea. Tofali likashuka polepole, likarudishwa lilipokuwa. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti, kilio cha kweli cha kumlilia mzee, na wengine wakamfuata, na hakuna mtani aliyewakataza. Rinkal akapiga simu. Afande Bryson alifika mbio, mkono mmoja kiunoni, na Bi Shukuru akamrudishia mkanda wake mbele ya watu ili kazi ya serikali ifanyike kwa heshima.

Rinkal aliwafuata mpaka kituoni. Njiani yule mtu alimgeukia.

"Dada, ile uliyorekodi utaiandika?"

"Nitaandika umekamatwa. Jina lako sitaandika mpaka mahakamani."

"Andika nimefika kituoni mzima," alisema. "Mama yangu akisikia tu nimekamatwa Kariakoo, atajua nimeshakufa."

Akaandika hivyo. Akachukua na namba ya jalada kwa afande. Adamu alitoa jogoo na sukari, sharti la tatu akalikataa mpaka mwisho, jeneza likaachiwa, na Mzee Kondo akazikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Saa tisa na nusu Wilbert alikuwa ameshaisoma habari mara mbili. Akaiweka mezani, akavua miwani, akajisugua macho.

"Rinkal, nataka nikuelewe. Polisi kavuliwa mkanda. Mwizi kajificha kwenye wezi wa uongo. Kakiri kwa mzaha, simu zikatoka za kweli. Kaokolewa na koti la maiti." Akahema. "Mwanangu, ile ya masanamu ilikuwa na afadhali."

Rinkal aliisikia ile stuli ya mama yake ikimsogelea. Alikuwa ameandika kweli tupu, ya kwanza maishani mwake iliyokamilika pande zote, na haikuaminika. Akafungua daftari, akalisukuma mezani. Majina kumi na saba, kila moja na namba yake.

"Chagua yeyote, bosi. Mpigie wewe mwenyewe."

Wilbert alishusha kidole kwenye orodha bila kutazama. Kikaangukia kwa Adamu. Akampigia kwa spika, akampa pole, akasoma tukio mstari kwa mstari. Adamu, sauti imekauka kwa vumbi la makaburini, alijibu kila mstari ndiyo. Alisahihisha moja tu: sukari ilikuwa kilo mbili na nusu.

"Nashukuru sana," Wilbert alisema. "Samahani kwa usumbufu."

"Si usumbufu. Na wewe ndugu mhariri, kwenu wapi?"

Wilbert akakohoa. "Mimi? Urambo huko."

Sauti ya Adamu ikapanda.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Mnyamwezi, uko hapo Aggrey, umekalia kiti, na baba yangu tumemzika bila wewe?" Nyuma ya Adamu ikasikika sauti ya Bi Shukuru ikiuliza ni nani huyo, ikaambiwa, na ikachukua simu. "Wewe. Unatuacha tuteke wenyewe, wazee watupu? Kuna faini hapa. Uje nayo kabla ya magharibi."

"Nakuja, mama," alisema Wilbert, ambaye Rinkal hakuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote ndiyo kabla ya kuombwa mara ya pili. "Naam, mama. Sasa hivi." Alikuwa ameshasimama, anatafuta kiatu alichokivua chini ya meza, anajipapasa mfukoni. Mlangoni akageuka.

"Irushe hiyo habari."

"Hujaweka saini, bosi. Na nywila ya kurushia unayo wewe."

Akarudi, akaiandika nywila kwenye kipande cha karatasi, akamwekea Rinkal kiganjani. "Kesho uje na picha mbili za pasipoti, ukatengenezewe kitambulisho," alisema, na akatoka.

Rinkal alikaa kwenye kiti cha mhariri, ambacho bado kilikuwa cha moto. Aliingiza ile nywila kwa kidole kimoja, akabonyeza, akaisubiri habari mpaka ilipotokea kwenye ukurasa wa mbele na jina lake chini. Ngazini Wilbert alikuwa anashuka huku akiomba kwenye simu apunguziwe, jogoo mmoja tu, mama, mimi ni mtu wa mshahara. Rinkal akaweka kichwa mezani, akacheka peke yake hadi mbavu zikamuuma.